Mashimo Meusi na Nyota Changa: Tusikimbilie Kumtaja Muuaji

Uliza darasa lolote la fizikia la kidato cha sita hapa Moshi kwa nini galaksi kubwa nyingi zimeacha kuzaa nyota. Jibu linakuja haraka: shimo jeusi lililo katikati, kitu kizito ambacho hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, ndilo limezizima. Wanafunzi hawajalibuni jibu hilo. Wamelipata kwenye video na makala, na kwa kweli ni muhtasari wa nadharia ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa nguzo ya elimu ya galaksi: gesi inapoangukia shimo jeusi kubwa, kiini cha galaksi kinawaka kuzidi nyota zake zote kwa pamoja, kisha mwanga na pepo zinazotoka hapo zinaifukuza gesi iliyobaki. Gesi ikishatoweka, hakuna nyota mpya.

Nadharia hiyo ina nguvu na nitaipa haki yake. Ila wapo wanaastronomia waliokaa chini wakahesabu uzazi wa nyota ndani ya galaksi hizohizo zenye viini vinavyowaka, wakakuta unaendelea kama kawaida. Hao hutajwa kwa sentensi moja mwishoni mwa makala, kama watu waliokuja kuvuruga shughuli. Mimi naona ndio waliotufundisha zaidi, na hoja yao inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Tuanze na kinachoipa nguvu nadharia ya kuzimwa. Chukua shimo jeusi lenye uzito wa Jua milioni 100. Limefikia uzito huo kwa kumeza gesi, na takriban asilimia 10 ya uzito wa gesi hiyo iligeuka nishati kabla haijazama. Sasa pima nishati inayotakiwa kuzing'oa nyota na gesi zote za sehemu nene ya katikati ya galaksi hiyo, yenye uzito mara mia tano hivi ya shimo lenyewe, na nyota zake zikienda kwa kasi ya kilomita 200 kwa sekunde. Nishati iliyotolewa na shimo hilo dogo inaizidi ile inayotakiwa kwa mara mia kadhaa. Hesabu hiyo mwanafunzi anaweza kuifanya nyuma ya daftari, na ikimtoka sawa atashtuka kama nilivyoshtuka.

Ongeza hapo kwamba mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa uzito wa shimo jeusi unakwenda sambamba na kasi ya nyota zilizo mbali nalo mno, nyota ambazo mvuto wa shimo hilo hauzigusi. Joseph Silk na Martin Rees walikuwa wameshapendekeza mwaka 1998 kwamba shimo hukua mpaka nguvu yake inaisukuma gesi nje, na hapo vyote viwili vinasimama. Nao wanaoiga ulimwengu kwa kompyuta walikuwa na shida yao: bila kitu cha kuizuia gesi isipoe, galaksi zao kubwa zilinenepa kupita zile tunazoziona angani. Shimo jeusi liliwaokoa.

Hapo ndipo ninapoanza kusita. Nishati kuwepo ni jambo moja, nishati hiyo kuishika gesi na kuisukuma ni jambo jingine. Mwanga mwingi wa kiini unatoka zake nje kupitia njia zisizo na gesi, bila kugusa chochote. Katika uigaji maarufu wa mwaka 2005 uliofanywa na Tiziana Di Matteo na wenzake, asilimia 5 ya mwanga wa kiini ilipewa gesi iliyo karibu, na asilimia hiyo ilichaguliwa ili matokeo yalingane na uhusiano uliokwisha kuonekana angani. Hakuna ubaya katika kufanya hivyo, ndiyo njia ya kazi. Lakini ukishaweka jibu ndani ya swali, huwezi tena kulitumia jibu hilo kama ushahidi. Miradi ya uigaji iliyofuata, kama EAGLE, IllustrisTNG na Simba, kila mmoja una njia yake ya kumfanya shimo jeusi aisukume gesi, na njia hizo hazifanani. Hata hivyo yote inatoa galaksi zinazokaribia kufanana na za leo. Hilo linaniambia kwamba kufanana na galaksi za leo hakutoshi kutuambia kilichotokea.

Kwa hiyo inabidi kutazama angani. Na hapa kuna kisa cha mwaka 2012 ambacho kila anayelizungumzia jambo hili angepaswa kukijua kwa kina.

Mwezi Mei mwaka huo, kundi lililoongozwa na Mathew Page lilichapisha matokeo kwenye jarida la Nature. Walitumia darubini mbili za angani. Chandra, inayopokea eksirei, iliwaonyesha viini vinavyowaka. Herschel, iliyopokea mionzi ya infraredi ya mbali, iliwaonyesha vumbi lililopashwa joto na nyota changa, nalo ni kipimo cha uzazi wa nyota. Walichagua kipande kimoja cha anga kilichochunguzwa kwa muda mrefu, kilicho katika kundinyota la Dubu Mkubwa. Kutoka Moshi kipande hicho hakipandi juu sana: mwishoni mwa Machi, katikati ya usiku, kinafika kimo chake kikubwa upande wa kaskazini, juu ya Kibo. Ni kidogo, eneo lake halifikii uso wa mwezi mpevu.

Ndani yake, kwa galaksi za mbali ambazo mwanga wake umesafiri muda mrefu hata tunaziona zilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka kati ya bilioni 2 na 6 hivi, walikuta hivi. Kati ya galaksi 44 zenye viini vya wastani, 11 zilionekana kwenye Herschel, maana yake zilikuwa zikizaa nyota kwa wingi. Kati ya galaksi 21 zenye viini angavu zaidi, haikuonekana hata moja. Sifuri kati ya 21. Habari ikaenea kwamba sasa tumemkamata muuaji akiwa kazini.

Nimeigeuzageuza namba hiyo mara nyingi na wanafunzi, kwa sababu inafundisha kuliko sura nzima ya kitabu cha takwimu. Tuseme viini angavu havizuii chochote, na kwamba robo ya galaksi zao inapaswa kuonekana kwenye Herschel kama zile 11 kati ya 44. Uwezekano wa kuokota 21 na kukosa zote ni robo tatu zikizidishwa zenyewe mara 21. Unapata takriban moja katika 400. Namba hiyo inatisha, na mtu anaweza kusema kesi imekwisha. Lakini hiyo robo yenyewe imetoka wapi? Imetoka kwa galaksi 44 tu za kipande kilekile. Ikiwa kiwango halisi ni asilimia 15, uwezekano unapanda hadi moja katika 30. Kikiwa asilimia 10, unafika moja katika 9, na jambo linalotokea mara moja katika tisa halimshangazi mtu yeyote. Zaidi ya hapo, galaksi hazikutawanyika angani kila moja peke yake. Zimekaa kwa makundi na nyuzi, na kipande kidogo kinaweza kuangukia mahali pasipowakilisha kwingine.

Kabla mwaka huo haujaisha, Chris Harrison na wenzake wa Durham walirudia kazi hiyo kwa kuongeza maeneo mawili. Mojawapo ni COSMOS, eneo la digrii 2 za mraba katika kundinyota la Sextans, karibu mara kumi ya uso wa mwezi. Hili kwetu ni jirani hasa: lipo karibu na ikweta ya anga, na mwishoni mwa Februari, saa sita usiku hivi, kabla mawingu ya masika hayajatufunika, linapita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Arusha. Kwa maeneo hayo walipata viini angavu mara kumi zaidi ya vile vya Page. Ile sifuri ikatoweka. Galaksi zenye viini angavu zilikuwa zikizaa nyota zenye jumla ya uzito wa Jua 100 hadi 200 kila mwaka, sawa na galaksi nyingine za kawaida za enzi hizo, na mara mia hivi ya galaksi yetu ya leo. Hitimisho lao ni kwamba matokeo ya awali huenda yalitokana na uchache wa sampuli.

Sisemi haya kumdogosha Page. Alichapisha alichokiona, na kwa uwazi uliowawezesha wengine kukikagua. Ninacholalamikia ni kwamba tangazo la Mei lilifika hadi kwenye simu za wanafunzi wetu, na marekebisho ya mwaka uleule hayajafika mpaka leo.

"Mwalimu," kijana mmoja aliniuliza nilipomaliza kuziandika namba hizi ubaoni, "kama kiini kingekuwa kinazima nyota, si ndiyo ingekuwa rahisi kuona? Kinachowaka, nyota hakuna. Kilichozimika, nyota zipo." Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mgogoro wote: hapana, si lazima ionekane hivyo, kwa sababu vitu viwili tunavyovilinganisha haviendi kwa saa moja.

Fikiria mifereji ya kumwagilia migomba ya Kibosho. Mpita njia akiona banio limefunguliwa saa hii, amejua hali ya saa hii tu, kwa kuwa maji ni ya zamu. Migomba iliyo chini yake inaonyesha maji ya miezi yote iliyopita. Ukipita mara moja tu kwenye vihamba mia na kulinganisha mabanio na migomba, utakuta uhusiano hafifu sana, ingawa bila mfereji migomba isingekuwepo. Kiini cha galaksi kinawaka na kufifia katika muda wa miaka laki moja hivi. Vumbi lenye joto ambalo Herschel ililipima linaweza kubeba kumbukumbu ya uzazi wa nyota wa miaka milioni 100. Tofauti ni mara elfu. Ryan Hickox na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba hata kama ukuaji wa shimo na uzazi wa nyota vingefuatana kikamilifu kwa wastani wa muda mrefu, kufifiafifia huku kungetosha kuuficha uhusiano huo mbele ya mtazamaji.

Kwamba viini vinafifia haraka si dhana tupu. Mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, alikuwa akipanga picha za galaksi kwa kujitolea katika mradi wa Galaxy Zoo. Akaona doa la ajabu karibu na galaksi inayoitwa IC 2497, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 650, akauliza ni nini. Hakuna aliyejua. Ilikuja kubainika kuwa ni wingu kubwa la gesi linalong'aa kwa oksijeni iliyochomwa na mwanga mkali, ila hapo karibu hakuna kitu chenye mwanga wa kutosha kufanya hivyo. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba kiini cha IC 2497 kilikuwa kwasari, yaani kiini kinachowaka kwa nguvu kubwa mno, kikafifia ndani ya miaka isiyozidi laki mbili, na wingu bado linaonyesha mwanga uliotoka kabla ya hapo.

Kisha darubini ya angani ya Hubble ikalitazama wingu hilo kwa karibu. Kwenye sehemu ndogo iliyoelekea galaksi kulikuwa na nyota changa, baadhi zikiwa na umri wa miaka milioni chache tu. Gesi iliyosukumwa kutoka kwenye kiini ilikuwa imelibana wingu mpaka likaanza kuzaa. Wala halipo peke yake. Mwaka 2017 kundi la Roberto Maiolino, likitumia darubini ya VLT nchini Chile, lilikuta nyota zikizaliwa ndani ya upepo wenyewe unaotoka kwenye galaksi mojawapo. Anayesema shimo jeusi huzima nyota, basi aeleze pia pale linapoziwasha.

Ukiyaweka pamoja, picha rahisi zaidi ni kwamba viini vinavyowaka na nyota changa vinakula kutoka ghala moja. Palipo na gesi baridi nyingi, sehemu kubwa inageuka nyota na sehemu ndogo inaporomoka hadi katikati. Ndiyo maana kilele cha uzazi wa nyota katika ulimwengu, kama miaka bilioni 10 iliyopita, kinaangukia karibu na enzi ya wingi wa kwasari, na ndiyo maana vyote viwili vimeshuka tangu hapo, uzazi wa nyota ukiwa leo karibu moja ya kumi ya ulivyokuwa. Kama kwasari ingekuwa muuaji wa papo kwa papo, tungetarajia kuzikuta nyingi katika galaksi zilizokauka. Tunazikuta kwenye galaksi zenye gesi.

Je, basi mashimo meusi hayahusiki kabisa? Hapana, na hapa naachana na wale wanaotaka kuifuta nadharia nzima. Ninaamini yanahusika, kwa kazi ya polepole ambayo haiendi na mng'ao. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 240. Katikati yake ipo NGC 1275, imezungukwa na gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ilipaswa kupoa, kuanguka na kuzaa nyota kwa wingi mkubwa. Haifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Picha za Chandra zinaonyesha mapovu makubwa yaliyochimbwa ndani ya gesi na mikondo ya chembe kutoka kwenye shimo jeusi, pamoja na mawimbi ya shinikizo yanayosambaa kutoka hapo. Shimo hilo haliifukuzi gesi, linaizuia isipoe, zamu baada ya zamu, kwa mamilioni ya miaka. Kwa mwanga wake halifikii kwasari hata kidogo.

Kama kazi ni ya polepole, alama yake itafutwe kwenye jumla ya yote ambayo shimo limewahi kula, yaani uzito wake, na mng'ao wa leo uachwe pembeni. Bryan Terrazas na wenzake walifanya hivyo mwaka 2016 kwa galaksi 91 ambazo mashimo yake yamepimwa uzito moja kwa moja. Kwa galaksi zenye nyota za uzito uleule, zilizoacha kuzaa ndizo zenye mashimo mazito zaidi. Tafiti za baadaye za maelfu ya galaksi zimekubaliana nalo, ingawa nyingi kati ya hizo zinaukadiria uzito wa shimo kutokana na kasi ya nyota za katikati, na mtu makini anaweza kuuliza kama kinachopimwa ni shimo au ni unene wa galaksi yenyewe. Ndiyo maana zile 91 nazithamini kuliko maelfu.

Darubini ya angani ya James Webb nayo imeleta mfano wa mbali unaonivutia sana. GS-9209 tunaiona ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 1.25 hivi. Tayari ilikuwa imekwisha kuzaa nyota zake, kama galaksi kongwe za leo, wakati galaksi nyingine ndiyo kwanza zinaanza. Ndani yake lipo shimo jeusi la uzito wa Jua kati ya nusu bilioni na bilioni moja, kubwa kuliko ilivyotarajiwa kwa galaksi ya ukubwa huo, na halina fujo kubwa kwa sasa. Mwanga mdogo, uzito mkubwa, nyota zimekoma. Kwa hoja ninayoitetea, huo ndio mpangilio ambao mtu angeutabiri.

Ushahidi mgumu zaidi dhidi yangu umetoka kwa Webb hiyohiyo. Mwaka 2024 kundi lililoongozwa na Francesco D'Eugenio wa Cambridge lilieleza galaksi GS-10578, ya wakati ulimwengu una miaka bilioni 2 hivi, nzito na karibu imeacha kuzaa. Ndani yake kuna kiini kinachowaka na gesi baridi inayokimbia kwa kilomita 1,000 kwa sekunde, tena kwa wingi unaozidi ile ambayo galaksi ingehitaji kuendelea kuzaa nyota. Darubini za awali zisingeiona gesi hiyo kwa kuwa haing'ai: iligunduliwa kwa jinsi inavyozuia mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Hapo mfukuzaji anaonekana kazini, na siwezi kujifanya sikuona. Ila ni galaksi moja, na baada ya kilichotokea kwa zile 21 sitaki kuijenga nadharia juu ya moja. Tena uzazi wa nyota hapo umeshapungua tayari. Upepo tunaouona leo huenda unamalizia kazi iliyoanzishwa na zamu nyingi za nyuma.

Kinachoweza kuamua ni idadi kubwa iliyopimwa kwa njia isiyozibwa na vumbi, na mawimbi ya redio ndiyo njia hiyo. Darubini ya redio ya MeerKAT, yenye madishi 64 huko Karoo, Afrika Kusini, inalichunguza eneo lilelile la COSMOS katika mradi wa MIGHTEE, ikipokea kwa pamoja redio ya nyota changa na redio ya mikondo ya mashimo meusi. Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa Afrika Kusini katika mpango unaofuata wa SKA, darubini kubwa zaidi ya redio. Tanzania haimo, na hilo linaniuma, lakini takwimu za MIGHTEE zinawekwa wazi kwa kila mtu, na mwanafunzi wa Tengeru mwenye intaneti anaweza kuzipakua usiku uleule ambao COSMOS inampitia utosini. Ningependa azipange galaksi kwa uzito wa nyota zake na umri wake, kisha alinganishe zenye mikondo ya redio na zisizo nayo. Kama zenye mikondo zinazaa kidogo hata pale ambapo mashimo yana uzito sawa, basi mng'ao na fujo za leo zina nguvu kuliko ninavyodhani. Tofauti ikipotea uzito wa mashimo ukishalinganishwa, wanafunzi wetu wabadilishe jibu lao.